Gauni la Bi Miriamu

Nimestaafu, na jambo la kwanza nililolifanya baada ya kurudisha funguo ni kulala mpaka saa tatu asubuhi. La pili ni kuzitupa zile gambuti. Ninyi mliobaki pale chumba cha maiti mmeniomba niwaandikie machache kabla kichwa hakijaanza kuchanganya majina, nami nimekubali kwa sababu nafasi ninayo sasa, na kikombe changu cha chai hakinuki tena fomalini. Vyeo sitavitaja, kwani havikuwepo. Mshahara nao sitautaja, nisije nikaiharibu siku nzuri. Jina la hospitali tuliache vilevile. Ninyi mnalijua, na asiyelijua ajue tu kwamba ni mojawapo ya hospitali za huku kwetu Kwale.

Kazi hii niliiingia kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa msafishaji wa wadi ya wanawake, miaka ya tisini ikielekea mwisho, na metroni alikuwa akitafuta mwanamke atakayekubali kuwashika maiti wa kike. Jamaa walikuwa wakilalamika, na walikuwa na haki yao: mama wa watu anafariki, kisha anavuliwa nguo na wanaume wawili wanaozungumza habari za mpira. Metroni aliuliza nani anaweza. Wenzangu wote wakatazama sakafu. Mimi sikuitazama, wala si kwa ushujaa. Mama yangu alikuwa mwosha kule kwetu Tiwi, na tangu nina miaka kumi na mitano nilikuwa nikimshikia kata ya maji. Maiti hajapata kunitisha hata siku moja. Wanaonitisha ni jamaa zake.

Siku ya kwanza nilifika saa moja kamili, nikausukuma mlango, nikasikia sauti ya kiume ikisema, "Rudi nje." Huyo ndiye Mzee Mutisya, mkuu wangu, Mkamba aliyeteremka Pwani akiwa kijana, Mkristo wa kanisa la Jumapili na la Jumatano, aliyekuwa amekaa na wafu muda mrefu kuliko aliokaa na mke wake. Nikarudi nje.

"Sasa piga hodi," akasema.

"Shikamoo, mzee. Nimpigie nani hodi, na wote hawa wamelala?"

"Marahaba. Wewe piga tu. Kama watakujibu ama hawatakujibu, hiyo si kazi yako."

Nikapiga hodi, na nimeipiga tangu siku ile mpaka siku niliyorudisha funguo. Ninyi pia mnaipiga, na najua kuna wanaodhani ni amri ya wizara. Ni amri ya Mutisya.

Vifaa tulivyokuwa navyo havikujaza meza. Ndoo tatu, mpira mmoja wa maji uliofungwa kiraka cha tyubu ya baiskeli, glavu tulizozifua na kuzianika kama soksi, na friji ya droo sita, nne zikigandisha na mbili zikifikiria. Lebo za kufunga kidoleni tulizikata kutoka kwenye maboksi ya sabuni. Mutisya aliziandika yeye mwenyewe, jina kamili la mtu na la babaye, kwa hati ya mwalimu. Hakukubali tuseme "yule wa droo ya tatu". Kama jina halijulikani, alisema "mgeni". Kikombe cha chai hakiwekwi juu ya meza ya kuoshea, hata iwe imesuguliwa ikang'aa. Na mtu habebwi kwa kuburutwa, hata akiwa na kilo mia na lifti haipo. Lifti haikuwepo.

Nilimwuliza siku moja amejifunza wapi mambo haya, maana katika kitabu cha mafunzo tulichopewa hayamo. Akaniambia, "Mama Saidi, Mungu alimuumba mtu akamfananisha na yeye mwenyewe. Sasa wewe ukimvuta huyu mama mguu kama gunia la makaa, unavuta nini hapo?" Nami nikamwambia aliyonifundisha baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani: kwamba Mwenyezi Mungu amewatukuza wana wa Adamu wote kabla hajawauliza dini zao, na kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja wa aliye hai. Mutisya akatikisa kichwa kwa kuridhika. Katika mengine yote tulibishana miaka na miaka, kuanzia siasa mpaka kiasi cha chumvi kwenye muhogo, lakini hapo hatukupata kubishana.

Kilichotofautiana ni haraka. Waislamu wakija hutaka mtu wao sasa hivi, kaburi limekwisha kuchimbwa na imamu anatazama saa. Watu wa bara hutaka mtu wao akae, mpaka kamati ikutane, suti inunuliwe, na mjomba afike kutoka mbali. Wale walituona wazembe na hawa walituona tuna pupa. Mutisya alipokea matusi ya pande zote mbili kwa uso uleule. Mwaka ule wa fujo, watu wa bara walipokuwa wakifukuzwa majumbani mwao huku Pwani, alihamia kwa wateja wetu siku tisa, akisema hakuna mwenye panga atakayethubutu kumfuata pale. Hakuna aliyethubutu. Nilimpelekea wali kila mchana, naye alitoka nje kuula, maana mle ndani, alisema, ni kwa watu.

Sasa niwaambie kosa langu. Mlikuwa mkiniuliza kwa nini nguo za marehemu nazifungia kabatini siku nzima kabla hazijaenda kokote, nami nilikuwa nikiwajibu, "Basi tu." Jibu lenyewe ni hili, na nimelikalia zaidi ya miaka ishirini.

Ilikuwa asubuhi ya Jumanne, mvua za vuli zikinyemelea. Gari la hoteli moja ya Diani lilituletea mama wa kizungu, umri wa miaka sitini hivi. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi za mawe zinazoshuka ufukweni, akapigiza kichwa, akafariki kabla hawajamfikisha kwa daktari. Watu kadhaa walimwona akianguka, polisi waliandika maelezo yao palepale, na hakuna aliyekuwa na shaka. Mumewe alikuja naye katika gari lilelile, lakini alizuiliwa ofisini kwa ajili ya fomu. Mutisya naye alikuwa huko akisaidia. Kwa hiyo mama yule nilimpokea peke yangu.

Alikuwa amevaa gauni la pamba la rangi ya samawati, nalo kuanzia begani mpaka kiunoni limelowa damu. Nikafanya nililofundishwa na mama yangu, na nililofanya kwa kila mwanamke aliyepita mikononi mwangu. Nikamsitiri kwa shuka, nikamvua gauni chini ya shuka, nikamfuta damu usoni na shingoni kwa pamba, taratibu, ili mumewe akija asimwone na damu. Kwetu damu ni najisi, haingii na mtu kaburini mwake. Kumwondolea mtu damu ni kumpa heshima. Nikalifungasha gauni, pamba na taulo pamoja, nikavitia katika mfuko wa taka na kuuweka nje ya mlango wa nyuma. Saa tatu, kama kila siku, Mzee Bakari wa tanuri la taka alipita na mkokoteni wake akauchukua. Nilijiona nimefanya kazi safi.

Nilikuwa ndiyo kwanza najaza ndoo ya maji ya kuoshea niliposikia hodi. Alikuwa Mutisya, na nyuma yake mume wa marehemu, na nyuma yao Bwana Wafula, Mluhya mwenye kitambi aliyekuwa akihudumia wageni pale hotelini na ambaye siku hiyo alikuwa mkalimani wetu. Kiingereza changu kilikuwa cha kujaza fomu tu.

Mume alikuwa mtu mfupi, mkavu, na utosini amevaa kikofia kidogo cha duara, utadhani kofia yetu ya kiua iliyofuliwa ikarudi. Shati lake lilikuwa limechanika kifuani. Nikadhani limechanika akimnyanyua mkewe, nikachomoa pini kwenye mtandio wangu nikampa. Akaitazama, akanishukuru kwa kichwa, akanirudishia. Baadaye nilijua kwamba alilichana mwenyewe, kwa kuwa ndivyo wanavyofanya wanapofiwa.

"Mama, samahani," Wafula akasema, akifuta jasho. "Huyu mzee ni Myahudi, na mrembo wake, yaani wife, pia. Iko mambo hataki kabisa. Hataki apasuliwe, na hiyo daktari amekubali, ameangalia kwa nje tu. Hataki aachwe peke yake hata dakika moja. Hataki maua, hataki makeup. Na anasema usimwoshe, ile damu usiitoe. Huko Nairobi iko wamama wao wanajua vile wanafanya. Atapelekwa leo na ndege ya saa kumi."

Kata ya maji ilikuwa mkononi mwangu. Nikaiweka chini.

Mzee akasema neno jingine, sauti ya chini. Wafula akasikiliza. "Na anaomba zile nguo alikuwa amevaa. Zenye damu. Lazima azikwe nazo. Anauliza ziko wapi."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika tano. Mzee Bakari huwasha tanuri saa nne.

Wenzangu, nilidanganya. Nilisema, "Zinakuja," nikatoka kwa mlango wa nyuma nikitembea kwa adabu, na mlango ulipofungika nikatoka mbio. Mimi na mwili wangu huu, na gambuti za kiume za namba tisa, nikakata uwanja wa jikoni, nikapita kamba za kuanikia shuka, nikipiga kelele, "Bakari! Bakari, ngoja!" Wagonjwa wa wadi ya wanaume walisimama madirishani. Nadhani walifikiri kuna maiti amefufuka.

Bakari hakungoja. Mawingu yalikuwa yametanda, naye akaona bora awahi kabla mvua haijanyesha. Nilimkuta ameegemea reki, mlango wa tanuri uko wazi, na moto unanguruma ndani.

"Mfuko wangu uko wapi? Wa asubuhi hii?"

"Si huo ndani, mwanangu. Nimeutia sasa hivi. Kwani vipi?"

"Utoe! Kuna gauni la maiti, mwenyewe analitaka."

"Maiti gani huyo anayetaka gauni?"

"Mumewe! Mzungu wa Diani, Myahudi. Kwao damu inazikwa na mtu. Utoe, baba, nakuomba!"

Bakari akanitazama kama anayemwona mtu kwa mara ya kwanza. "Myahudi?" akasema. "Na ndiye anayekukimbiza hivi, mtoto wa Mwalimu?"

Sijui lilinijia vipi lile jambo, ila lilinijia kwa sauti ya marehemu baba. Chuoni alikuwa akitusimulia kwamba siku moja jeneza lilipita mbele ya Mtume, naye akasimama. Akaambiwa, huyo ni Myahudi. Akauliza, kwani huyo si nafsi?

"Mtume alisimama, Mzee Bakari," nikamwambia. "Mimi nikikimbia kuna ubaya gani?"

Bakari aliitupa reki, akachukua ule mchuma mrefu wenye ndoano anaougeuzia majivu, akauingiza motoni mpaka nyusi zake zikaanza kunuka. Akatoa kiatu. Akatoa kipande cha godoro. Mara ya tatu akatoa kitu cheusi kinachofuka moshi, plastiki ya mfuko imeyeyuka juu yake, nami nikakidaka kwa mikono yangu kabla hakijagusa chini. Nikakirusha nyasini nikakimwagia ndoo ya maji ya Bakari.

Gauni lilikuwa zima. Damu ndiyo iliyoliponya, maana lilikuwa limelowa sana likakataa kushika moto, na pamba zilikuwa katikati yake zimegandamana nalo. Lililoungua ni pindo tu, sehemu ya ukubwa wa kiganja. Taulo ndilo lililokwenda. Nilikaa kwenye nyasi na gauni mapajani, vidole viwili vya mkono wa kulia vimebabuka, nikasema alhamdulillahi mara nyingi kuliko nilivyowahi kuisema kwenye tasbihi. Bakari naye akaketi. Akaniambia nisije nikamfanyia hivyo tena, yeye ana presha.

Sasa sikilizeni nilivyofanya baadaye, maana hapa ndipo penye aibu yangu. Nilipitia chumba cha nguo, nikachukua foronya safi, nikalikunja gauni lile pindo lililoungua likiwa ndani kabisa, nikalitia. Nikanawa uso. Nikarudi nimenyooka, nikampa yule mzee foronya kwa mikono miwili. Moto sikuutaja. Mutisya alinitazama vidole, akatazama gambuti zangu zilizojaa majivu, akatazama ukuta.

Mzee hakuifungua foronya. Aliketi kwenye benchi karibu na mkewe, akaipakata, akawa anasoma kitabu kidogo kwa sauti ya chini, akiyumba. Mutisya aliuliza anasoma nini, Wafula akajibu kwamba ni Zaburi za Daudi. Mutisya akavua kofia. Wakakaa hivyo, mmoja akisoma na mwingine akisikiliza lugha asiyoijua, na ilipofika mahali pa kupumzika, wote wawili walivuta pumzi pamoja.

Nami, badala ya kunyamaza, udadisi ukanizidi. Nikamwomba Wafula amwulize kwa nini damu.

Mzee alijibu kwa utaratibu mzuri, kama mtu aliyefurahi kuulizwa. Wafula akatafsiri: "Anasema hiyo damu ilimtoka ikiwa ndiyo maisha yake. Ni yeye. Mwili si wetu, ni wa Mungu, tumeazimwa tu, na ukirudisha unarudisha yote. Hutupi nusu." Mutisya akasema, "Kweli kabisa," kana kwamba yuko kanisani.

Kisha mzee akaongeza maneno machache, akiitazama foronya. Wafula alianza kutafsiri, akaacha, akaanza tena, na safari hii hakuchanganya Kiingereza hata neno moja. "Anasema baba yake na mama yake, na dada zake wawili, walichomwa kule Ulaya wakati wa vita. Yeye alikuwa mtoto, alifichwa. Hawana kaburi hata moja la kwenda kusimama. Alimwahidi huyu mama siku ya harusi kwamba yeye atazikwa. Yeye mwenyewe na kila kilicho chake. Moto hautamgusa."

Mnajua mtu anavyojisikia akiwa ameshika kikombe cha mwenyeji kilichovunjika, na mwenyeji anamsimulia kwamba ni cha marehemu mama yake? Mimi nilijisikia vibaya zaidi ya hivyo. Nilitamani kusema palepale. Ulimi ukakataa. Nilijiambia kwamba kumweleza ni kumtonesha bure, kwamba gauni limepatikana, kwamba pindo ni pindo. Yote hayo yalikuwa sababu nzuri, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli. Kweli ni kwamba niliogopa kutazamwa na macho yale.

Ikabidi mzee aitwe ofisini kutia saini ya mwisho. Alisimama akaniuliza kwa ishara, akinionyesha benchi. Nikaelewa. Nikaketi mahali pake, ili mkewe asiwe peke yake. Kusoma kitabu chake sikuweza, basi nikasoma ninachokijua mimi, moyoni, na nadhani Mungu hakuchanganyikiwa.

Aliporudi akatuambia cha kufanya. Wanaume wakatoka nje. Nilikata bafta nyeupe, mpya, isiyo na pindo wala mfuko, nikamvika Bi Miriamu. Ndilo jina lake, Miriamu binti Ibrahimu, na mimi nina shangazi wawili wanaoitwa Mariamu. Sikumfunua zaidi ya pale mkono wangu ulipohitaji kupita. Foronya nikaiweka kifuani pake, ndani ya sanda. Sanduku walilolileta watu wa hoteli lilikuwa la mbao tupu, bila rangi, bila vishikio vya kung'aa. Mutisya, aliyezoea masanduku ya kitambaa cha hariri na kioo usoni, aliligusagusa ubao akasema kwamba siku yake anataka kama hili. Hakulipata, maskini. Watoto wake walimnunulia lenye kioo.

Tulipokuwa karibu kulifunga, wote wanne tumesimama mle ndani, mzee akainua mkono.

"Anasema iko desturi," Wafula akaniambia. "Mwanamke aliyemhudumia maiti, kabla ya kumwachia, anamwomba msamaha. Anamwita jina lake na la baba yake, anamwambia, kama nimekukosea heshima popote, nisamehe. Si lazima ufanye. Lakini kwa sababu ni wewe ulimshika, anaomba, kama hutajali."

Nilisogea nikainama juu ya sanduku. Nikaamua kusema kwa Kidigo, lugha yetu ya nyumbani, ili Wafula asielewe, nikisahau kwamba Mutisya alikuwa amekaa Udigoni maisha yake yote.

"Bi Miriamu binti Ibrahimu," nikasema, "nisamehe. Gauni lako nililipeleka motoni bila kuuliza. Nilidhani nakustahi. Pindo limeungua, na nimelikunja ili mumeo asilione, na nimekaa naye tangu asubuhi sikumwambia. Nisamehe, dada yangu."

Mutisya alikohoa. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha akamgeukia Wafula akasema naye, polepole, akiwa ananitazama mimi. Macho yake hayakuwa kama nilivyoyaogopa.

Wafula akanigeukia. "Mama Saidi, mzee anasema hajui umemwambia nini mke wake, na hiyo ni yenu nyinyi wawili. Lakini anasema harufu ya moshi aliisikia tangu ulipompa ile foronya. Na alikuwa dirishani kule nyuma. Alikuona ukikimbia." Akamtazama mzee, kisha mimi. "Anasema kwao, siku ile ya moto, hakuna mtu aliyekimbia kuwatoa."

Nilikaa chini palepale sakafuni na gambuti zangu, nikalia kwa sauti mbele ya mkuu wangu wa kazi, na tangu mama yangu afariki sikuwahi kulia nikasikia wepesi kama ule. Hakuna aliyenikataza. Nilipomaliza, Mutisya alinipa mkono nikasimama, akaufungua mlango mkubwa, tukamnyanyua Bi Miriamu sote wanne, mmoja kila pembe, tukampeleka garini.